Kiungo Kikitoka Mahali Pake, Usikivute: Maswali na Majibu

Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara nikiwa zamu katika chumba cha majeruhi. Tatizo ni kwamba mengi huulizwa mambo yakiwa yameshaharibika: mgonjwa keshavutwa, keshakandwa, na kitambaa keshafungwa. Safari hii najibu mapema.

Kuteguka ni nini hasa?

Kiungo ni pale mifupa miwili inapokutana, ikashikwa na kano. Mfupa mmoja ukitoka kwenye nafasi yake, kiungo kimetoka, au kama wengi tunavyosema, kimeteguka. Shida ni kwamba neno hilohilo hutumika pia mguu unapojipinda, kano zikavutika au kuchanika, lakini mifupa ikabaki palepale. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapa nazungumzia mfupa uliohama.

Nitajuaje kama mfupa umehama?

Mara nyingi utaona kwa macho. Bega, ambalo ndilo kiungo kikubwa kinachotoka mara nyingi kuliko vyote, hupoteza mviringo wake. Juu panabaki kona, chini ya kona pana kibonde, na mgonjwa anaingia ameinamia upande mmoja huku ameubeba mkono wake kwa ule mzima, kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Ukimsogelea anarudi nyuma. Nyonga iliyotoka kwa nyuma, kama ya abiria wa mbele aliyegonga goti kwenye dashibodi gari lilipogongana, hufanya mguu uonekane mfupi na goti liangalie ndani. Kiwiko hutokeza nyuma. Kidole hukaa kama ngazi.

Usichoweza kuona ni kama kuna mfupa uliovunjika pamoja na huko kuhama. Hilo hulijui wewe wala silijui mimi, mpaka picha ya eksirei.

Basi si tukivute haraka kirudi kabla hakijavimba?

Hapana. Usivute.

Hata kidogo tu?

Hata kidogo. Naomba unielewe hapa, maana ndilo jambo lililonifanya niandike. Kiungo kikitoka, misuli inayokizunguka hukaza kwa maumivu. Ukivuta, nayo inazidi kukaza. Unaongeza nguvu, unamwita na jirani ashike upande wa pili, na sasa watu wazima wawili wanashindana na misuli ya mtu mmoja anayepiga kelele. Kitu lazima kiachie, na si lazima kiwe kile mlichokusudia. Chini ya bega unapita mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa kuinua mkono. Kwapani upo mshipa mkubwa wa damu. Kwenye kiwiko mishipa imebanana. Na kama mfupa ulikuwa na ufa mdogo uliotulia, mvuto wenu ndio unaoutenganisha.

Na yale ya kwenye filamu, shujaa anajibamiza bega ukutani, linarudi, anaendelea kupigana, ni maigizo. Nimewahi kumpokea aliyejaribu. Alikuja akiwa na bega lililotoka na mfupa wa mkono uliovunjika.

Lakini daktari naye si anavuta?

Swali zuri, na linaulizwa kwa ukali kidogo, kana kwamba tunaficha siri. Daktari anaanza na picha. Anapima hisia na mapigo ya damu kabla ya kugusa chochote, kisha anampa mgonjwa dawa ya maumivu na ya kulegeza misuli, au ganzi, au nusukaputi ikibidi. Misuli ikilegea, nguvu nyingi hazihitajiki tena. Mwaka 1870 mpasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher, alieleza namna ya kurudisha bega kwa kulizungusha polepole kwa hatua. Hadi leo njia nyingi nzuri zinafuata hekima hiyo ya upole na subira. Ile ya kukanyaga kwapa kwa kisigino huku unavuta mkono ni ya zamani mno, tangu enzi za Hippocrates wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Wengi tumeiacha kwa sababu kisigino kinakandamiza mishipa ileile niliyoitaja.

Kiungo kikisharudi, inapigwa picha nyingine, na hisia na mapigo yanapimwa tena.

Namjua mtu alivutwa nyumbani na akapona kabisa.

Huenda zilikuwa kano tu, mfupa haukuhama. Au alibahatika. Waliobahatika hawaji kwangu, wanaokuja ni wale wengine.

Mmoja alikuwa kijana aliyeanguka akicheza mpira. Bega lilivutwa siku ileile, pakasikika mlio wa "ko!", wote wakafurahi kwamba limeingia. Halikuingia. Akakandwa kila jioni kwa wiki nne. Alipofika kwangu nilichukua pamba nikampapasa upande wa nje wa bega, nikamwambia afumbe macho aniambie nikimgusa. Nilimgusa mara tano. Alikuwa bado anasubiri nianze.

Bega lililokaa nje zaidi ya wiki tatu hivi si la kurudishwa tena kwa mikono kirahisi. Makovu yamejaa kwenye nafasi yake, mshipa wa damu umegandamana na mfupa, na kulazimisha kunaweza kuupasua mshipa au kuuvunja mfupa. Aliishia kwenye upasuaji mkubwa kwa jambo ambalo siku ya kwanza lingemalizika mchana mmoja.

Kukanda kwa maji ya moto je? Hilo si kuvuta.

Si kuvuta, lakini pia ni kosa. Eneo lililoumia linavuja damu ndani kwa ndani, na joto linaongeza kuvuja na kuvimba. Kusugua kunatonesha kilichochanika. Kiwiko ndicho kinacholipiza zaidi: kikikandwa na kunyooshwa kwa nguvu baada ya kuumia, mfupa mpya unaweza kuota ndani ya msuli, na mkono ukakwama nusu, haukunjiki wala haunyooki. Nimewaona wenye viwiko vya namna hiyo wakishindwa hata kujifunga kifungo cha shingoni. Usikande.

Vidole vinacheza, kwa hiyo si tunaweza kusubiri kesho kutwa?

Kucheza kwa vidole si cheti cha uzima. Mtu aliyevunjika mfupa anacheza vidole, na aliyehama nyonga anacheza vidole vizuri sana.

Nyonga iliyotoka inatakiwa irudishwe ndani ya muda wa saa 6. Baada ya hapo hatari inapanda haraka kwamba kichwa cha mfupa wa paja, kilichokosa damu, kitakufa na kumomonyoka. Mgonjwa atakuja kulijua hilo miezi au miaka baadaye, anapoanza kuchechemea.

Goti nalo ni la kuogopwa zaidi. Simaanishi pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti, kuteleza pembeni, maana hiyo inauma lakini haitishi sana. Namaanisha mfupa wa paja na wa muundi kuachana. Nyuma ya goti unapita mshipa mkuu wa damu ya mguu, na ukichanika au kuziba, mguu una saa chache tu. Ukikaa bila damu saa 6 hadi 8, tunaanza kuzungumzia kukata. Ubaya wake, goti la namna hii linaweza kutoka na kurudi lenyewe palepale mtu alipoanguka. Linaonekana limevimba tu, basi linapakwa dawa ya kuchua na mtu analala. Asubuhi mguu ni baridi.

Kwa hiyo jibu ni hapana, usisubiri kesho kutwa, wala kesho. Nenda leo. Kama chini ya jeraha pamepauka, ni baridi, panafanya ganzi, au mfupa umetoboa ngozi, nenda sasa hivi na uache kusoma.

Sawa, tumekubali hatuvuti. Tufanye nini basi?

Acha kiungo kilivyo, hata kama umbo lake linakusumbua roho. Kizuie kisisogee pale kilipo: mkono uninginizwe shingoni kwa kanga au shuka, na mguu ufungwe pamoja na mto au ubao bila kuunyoosha. Vua pete, bangili na saa kabla uvimbe haujavinasa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 au 20, inasaidia. Mgonjwa asile wala asinywe njiani, maana huenda akahitaji nusukaputi, na tumbo lililojaa linatuchelewesha. (Kila wiki kuna ndugu mwenye huruma anayemlisha mgonjwa getini.) Mtu wa nyonga au goti asitembezwe. Abebwe amelala.

Mtoto wangu wa miaka miwili hatumii mkono tangu nilipomvuta. Hajavimba.

Hii ni ya watoto wa mwaka mmoja hadi kama minne, mitano. Mzazi anamwinua mtoto kwa mkono mmoja, au anamkwapua asianguke, au wanacheza kumzungusha hewani. Kichwa cha mfupa mdogo wa kigasha kinachopoka kidogo kwenye kano inayokizunguka pale kiwikoni. Mtoto ananyamaza, ameuachia mkono unaning'inia ubavuni, na analia ukiugusa tu. Wazazi wengi hukanda kifundo cha mkono kwa sababu ndiko anakoonyesha, kumbe tatizo lipo kwenye kiwiko.

Tiba yake ni ya sekunde chache kwa aliyefunzwa. Baadaye namwekea kitu kinachong'aa upande wa mkono uleule, natazama pembeni kana kwamba sina habari. Ndani ya robo saa hivi ameshakinyakua. Ni furaha ya kazi hii. Lakini kama kulikuwa na kuanguka au uvimbe, huo unaweza kuwa mfupa uliovunjika, na hapo ujanja huo haufanywi mpaka picha. Na tafadhali, mtoto ainuliwe kwa kwapa.

Kimesharudi, maumivu yameisha. Naweza kuvua kitambaa?

Maumivu yameisha, kano hazijapona. Bega hupumzishwa wiki moja hadi tatu kwa kawaida, kisha mazoezi ya kuimarisha misuli, na mazoezi hayo ndiyo watu wanayakimbia. Kijana wa chini ya miaka 20 bega likishatoka mara moja ni rahisi kutoka tena, hasa akirudi uwanjani mapema. Kuna wanaojisifu kwamba "langu limezoea, nalirudisha mwenyewe." Halijazoea. Kila likitoka linakwangua ukingo wa kikombe chake, yaani kile kibonde cha mfupa kinachoshika kichwa cha mfupa wa mkono, na kikombe kikiisha ukingo hakizuii kitu. Hao wanahitaji kuonwa na daktari wa mifupa, pengine upasuaji.

Mbwa wangu kagongwa na gari, mguu wa nyuma haugusi chini. Nimvute?

Mimi ni tabibu wa watu, lakini swali hili linanifuata, na daktari wa mifugo ninayemwuliza hunijibu kwa hasira ileile niliyo nayo. Usivute. Kwa mbwa na paka nyonga ndiyo hutoka zaidi. Mguu unakuwa mfupi na mnyama anauning'iniza. Misuli ya paja la mbwa ina nguvu kuliko mikono yako, ndiyo maana hulazwa kwa nusukaputi kwanza. Ikifanyika ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, nyonga nyingi hurudi bila kupasuliwa, kisha mguu unafungwa ukiwa umekunjwa kwa siku 10 hadi 14.

Aliyegongwa na gari huenda pia ana jeraha kifuani au kibofu kimepasuka, na hayo ndiyo yanayoua. Mguu unasubiri zamu yake. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumbeba, isipokuwa kama anahema kwa shida au anatapika, maana hata mbwa mpole huuma akiumia.

Mbwa mdogo anayeruka hatua tatu kwa miguu mitatu kisha anaendelea kukimbia kama kawaida, huyo huenda pia ya goti lake inateleza. Si dharura, ila mpeleke.

Na ng'ombe?

Ng'ombe huteleza kwenye sakafu yenye maji, au anapopandana, au siku za kuzaa, na nyonga ikatoka. Anayeweza kusimama ana matumaini zaidi, na siku ya kwanza ndiyo siku yenyewe. Asiyeweza kuinuka asiburutwe kwa kamba ya mguu, jambo ninaloambiwa bado linafanyika. Uzito wake mwenyewe unaponda misuli iliyo chini, kwa hiyo awekewe matandiko laini, ageuzwe upande kila baada ya saa chache, na apate maji mpaka daktari wa mifugo afike.

Nimpe mnyama vidonge vyangu vya maumivu wakati tunasubiri?

Hapana. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mbebe tu, twende.