Anayekoroma Ndiye Asiyelala: Tuliyoambiwa Kuhusu Pumzi Kukatika Usingizini

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Nakuru ikiwa imekaza, niliamshwa na kimya. Mume wangu, ambaye mkoromo wake husikika hadi sebuleni, alikuwa ametulia tuli. Nikaweka kiganja kifuani pake. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu, lakini puani haikutoka pumzi hata ya kuyumbisha uzi. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipofika ishirini na nane alishtuka, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akajigeuza, akaanza kukoroma upya. Asubuhi nilipomuuliza alinijibu kwa uhakika kabisa: "Nimelala fofofo, mama watoto."

Hakuwa akinidanganya. Mwenye maradhi haya ndiye pekee nyumbani asiyeyajua. Madaktari huyaita apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mara kwa mara mtu akiwa amelala. Mume wangu ni dereva wa lori. Hubeba mahindi kutoka Malaba hadi viwanda vya unga hapa Nakuru. Kwa hiyo usingizi wake ni usalama wa watu wengi, na maneno tuliyoambiwa na watu waliotupenda yalituchelewesha sana. Nitayataja kama nilivyoyasikia.

"Anakoroma, basi amelala vizuri"

Hilo lilikuwa la mama mkwe, na alilisema kwa nia njema. "Hata baba yake alikoroma hivi hivi. Ni shibe na uchovu wa kazi."

Mkoromo ni sauti ya hewa inayojipenyeza mahali pembamba. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Ulimi hurudi nyuma, kimio na nyama laini za kaakaa hushuka. Kwa mwenye apnia, njia hiyo huziba kabisa au hubaki upenyo mdogo tu. Kifua huendelea kuvuta, hewa haipiti, oksijeni katika damu hushuka, mpaka ubongo upige kamsa na kumzindua kwa sekunde chache. Koo hukaza, hewa hupita, usingizi humchukua tena, na koo hulegea tena. Asubuhi hakumbuki hata mara moja.

Mkatiko unaohesabiwa ni wa sekunde 10 au zaidi. Hujumlishwa ile ya kuziba kabisa na ile ya kuziba nusu, kisha hugawanywa kwa saa alizolala mtu. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa ni kawaida; 5 hadi 14 ni apnia hafifu, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 kwenda juu ni kali. Hebu piga hesabu ya mtu anayezinduliwa mara 30 kila saa, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ni mara 210. Huyo ameshinda kitandani, lakini hajalala.

Si kila anayekoroma ana apnia, na sitaki mtu atishike bure. Mkoromo unaokwenda mfululizo, na mwenyewe akaamka mchangamfu, ni jambo jingine. Kinachonitisha mimi ni kile kimya cha katikati.

"Ni jinamizi linamkaba"

Jirani alitushauri tuwaite watu wa maombi. Maombi tulifanya na sijuti. Lakini jinamizi tunalosimuliana lina sura yake: unazinduka, unaona chumba, unajua uko wapi, ila mwili umekataa kusogea na kifua unahisi kimekaliwa. Hutokea pale akili inapoamka huku misuli ikiwa bado imefungwa na usingizi wa ndoto, na asubuhi unayakumbuka yote. Apnia kwa kawaida huenda kinyume. Aliyekabwa hana habari. Mwenye hofu ni aliye pembeni yake.

"Anaamka kukojoa kila mara, hiyo ni tezi dume"

Hapa ndipo tulipopotea kwa muda mrefu zaidi. Alikuwa akiamka mara tatu, mara nne usiku. Alipimwa sukari, akapimwa tezi dume, vyote vikawa sawa. Hakuna aliyeuliza analalaje.

Ukimwona mtu anavuta hewa kwa nguvu huku koo limeziba, ujue ndani ya kifua kuna mvuto mkubwa unaorudisha damu nyingi kwenye moyo. Moyo ukitanuka hivyo hudhani mwili umejaa maji kupita kiasi, ukatoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze mkojo. Kibofu kinajaa usiku kwa sababu ya koo! Bila shaka sukari na tezi dume nazo huamsha watu, na lazima zipimwe. Ila vipimo vikitoka safi, swali la usingizi lisiachwe.

Presha yake nayo ilikataa kushuka licha ya vidonge. Kila pumzi ikikatika, mwili humwaga homoni za hofu, zile zile za mtu anayekimbizwa na mbwa, na mishipa hubana. Usiku, wakati ambao presha ilitakiwa ishuke ipumzike, yake ilikuwa ikipanda. Apnia isiyotibiwa huandamana pia na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na kiharusi. Tangu atibiwe presha inatulia vizuri zaidi, lakini vidonge anaendelea navyo, na mtu asiviache kwa kusoma maneno yangu.

"Ni ugonjwa wa wanaume wanene"

Unene kweli huchangia sana, hasa mafuta yanapokaa shingoni. Madaktari huangalia shingo inayozidi sentimita 43 kwa mwanamume na 41 kwa mwanamke. Lakini wapo wembamba wenye taya dogo lililorudi nyuma, au mafindofindo makubwa, na pumzi zao hukatika vile vile. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wa miaka 30 hadi 69, wana hali hii kwa kiwango fulani. Hao wote hawawezi kuwa wanaume wanene.

Wanawake ndio wanaosahaulika. Hedhi ikikoma, kinga waliyokuwa nayo hupungua. Tena wengi wao hawakoromi kwa kishindo. Hulalamikia uchovu usioisha, kichwa kuuma asubuhi, au kukosa usingizi. Wakifika kliniki huambiwa wana mawazo mengi, na mara nyingine hupewa dawa za usingizi, ambazo baadhi huzidi kuilegeza ile misuli ya koo.

Na watoto. Mtoto anayelala mdomo wazi, anayetokwa jasho usiku, anayekojoa kitandani wakati wenzake wameshaacha, na darasani hatulii wala hashiki anachofundishwa, tafadhali msimchape kabla hajaangaliwa koo. Mara nyingi ni mafindofindo na nyama zilizo nyuma ya pua, na kuziondoa hospitalini huwarudishia wengi usingizi wao. Mtoto hasinzii kila wakati kama mtu mzima. Wengine uchovu huwatoka kwa utundu, ndiyo maana walimu hukosea.

"Mkateni kimio"

Msikubali. Kukatwa kimio kwa wembe na mganga kumesababisha watu kuvuja damu na kupata maambukizi, na sehemu inayoziba mara nyingi ni nyuma ya ulimi, ambako kimio hakihusiki. Upasuaji wa koo upo, lakini huamuliwa na daktari wa masikio, pua na koo baada ya vipimo.

"Anywe kidogo apate kulala"

Pombe humlaza mtu haraka, hilo ni kweli, kisha hulegeza koo na kumchelewesha kuzinduka. Usiku aliotoka kwenye sherehe ya kutoa mahari ya binamu yake ndio usiku niliohesabu hadi arobaini na moja.

"Dereva mzoefu hashindwi na usingizi"

Madereva wenzake walimwambia afungue dirisha, aongeze sauti ya redio, atafune muguka, yale majani ya kuchangamsha. Alifanya yote. Muguka huficha usingizi, haulipi deni lake. Alfajiri moja wakishuka mteremko wa Sachangwan na mzigo kamili, tanboi, msaidizi wake wa lori, alimshika bega kwa sababu lori lilikuwa limeanza kuuvuka mstari. Mume wangu aliapa kwamba macho yake yalikuwa wazi. Pengine yalikuwa wazi. Ubongo ulionyimwa usingizi hujiibia sekunde chache bila ruhusa, na katika mteremko ule sekunde tatu ni nyingi mno. Waliegesha Salgaa, akanipigia simu, na hakuongea kwa muda. Wiki iliyofuata alikubali kwenda kupimwa.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Kuna cha kulala hospitalini na kuna cha kwenda nacho nyumbani: kibano kidoleni kinachosoma oksijeni, mrija mwembamba puani, mkanda kifuani. Anza kwa daktari wa hospitali ya rufaa ya kaunti au kliniki ya masikio, pua na koo, uombe uelekezwe. Na mpelekee ushahidi. Mimi nilirekodi kwa simu dakika tano tu. Daktari aliisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaandika barua ya rufaa papo hapo. Anayelala peke yake anaweza kuiacha simu ikirekodi juu ya stuli.

"Mashine ni ya mahututi, ukiizoea huachi"

Hofu hii naielewa, maana barakoa yenye mrija hukumbusha watu chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini mashine ya CPAP, ile ya hewa anayovaa mume wangu usiku, kwa kawaida haitoi oksijeni kabisa. Huvuta hewa ile ile ya chumbani, ikaisukuma kwa mgandamizo mdogo ili koo lisijifunge, kama vile upepo unavyolijaza tanga. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliichapisha njia hii mwaka 1981. Kabla ya hapo wagonjwa wa apnia kali walitobolewa koo. Wala haimfanyi mtu mtumwa. Haiponyi, inasaidia usiku inapovaliwa, kama miwani inavyosaidia inapokuwa machoni.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Barakoa ilivuja hewa ikampiga machoni, pua ikakauka, akaivua usingizini bila kujua. Kilichotusaidia ni kuivaa jioni akiwa macho, akitazama taarifa ya habari, mpaka uso ukaizoea. Tulibadilisha saizi mara moja. Kisanduku cha unyevu hutiwa maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na chumvichumvi, na barakoa huoshwa kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali. Mji huu una vumbi, kwa hiyo chujio nalikagua kila Jumamosi.

Stima ikipotea? Bila kisanduku cha unyevu mashine nyingi hutumia umeme mdogo, na betri nzuri huiendesha usiku kucha. Bei ndiyo kikwazo cha kweli, na ndiyo huwapeleka wengi kwenye mashine zilizotumika. Ukinunua, muulize daktari mgandamizo wako ni upi, nunua barakoa mpya, na uangalie tarehe ya kutengenezwa: Juni 2021 kampuni ya Philips iliamua kurudisha mamilioni ya mashine zake za zamani, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele iliweza kumomonyoka na chembe zake zikavutwa na mtumiaji.

Wapo wasiohitaji mashine. Mwenye apnia hafifu anaweza kusaidiwa na kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele. Kuna ambao pumzi hukatika wakilala chali tu. Hao kulala ubavu huwafaa. Tulipokuwa tunasubiri kipimo nilimshonea mfuko mgongoni mwa fulana, nikatia mpira wa tenisi wa mtoto, na mikatiko niliyoihesabu ilipungua ingawa haikuisha. Kupunguza uzito nako husaidia: utafiti mmoja wa mwaka 2000 ulionyesha aliyepunguza asilimia 10 ya uzito wake hupunguza mikatiko kwa kama robo. Sisi tuliianza kwa kula chakula cha jioni mapema na kupunguza ukubwa wa ugali, na bado tunaendelea.

Siku hizi mashine husafiri naye. Fundi alimwekea kifaa cha kubadilisha umeme wa betri ya lori, na kisanduku cha maji hubaki nyumbani. Tanboi nilimfundisha kuhesabu kama ninavyohesabu mimi: asikilize kile kimya, ahesabu polepole, na ikifika kumi aangalie kama barakoa imehama. Wakilala Malaba, alfajiri kabla hawajawasha injini hunitumia ujumbe mfupi. Wa leo umesema: "Mama, hakuna niliyofikisha kumi. Tunang'oa nanga."