Stoli ya ndege siyo injini kuzima

Kila ndege kubwa ikianguka, lazima utakuta mtu ameandika "ilistoli angani" akimaanisha injini zilizima, kama gari linavyozima mlimani. Hapana jamani, stoli ni ya bawa. Bawa linabeba ndege kwa sababu hewa inapita mgongoni mwake imeushika vizuri, ukilikabilisha na hewa kwa pembe kali mno, mabawa mengi ni digrii 15 hivi, hewa inabanduka na ndege haibebeki tena. Basi, hiyo ndo stoli, injini zinaweza kuwa zinanguruma kama kawaida.

Ila kinachoniudhi hasa ni hiyo pembe. Watu wanadhani ni pua kuangalia juu, kumbe inapimwa kati ya bawa na hewa inayolijia. Angalia ile ndege ya Air France 447 iliyoanguka Atlantiki, Juni 2009. Injini zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, fimbo ya kuongozea ikawa inavutwa nyuma, yaani pua inainuliwa, na ilipogonga maji pua ilikuwa juu digrii 16 tu, lakini ndege inaporomoka kwa hiyo hewa inakuja kutoka chini, na pembe ilishapita digrii 35. Kutoka futi 38,000 mpaka baharini dakika tatu na nusu hivi, watu 228 wakafa.

Na haya yameandikwa tangu 1967! D. P. Davies, rubani wa majaribio wa Uingereza, kwenye kitabu chake Handling the Big Jets anamfafanulia rubani aliyezoea ndege za pangaboi mambo yote ya jeti kubwa, pamoja na ile stoli mbaya zaidi ya ndege ambazo bawa dogo la mkia limewekwa juu kabisa: hewa iliyovurugwa na bawa inaufunika mkia, unasukuma usukani mbele na pua haishuki. Jeti ya Uingereza, BAC One-Eleven ya majaribio, ilianguka hivyohivyo Oktoba 1963, ikaua wote saba, ndo ndege hizo zikaja kuwekewa kifaa kinachosukuma usukani mbele chenyewe kabla ndege haijafika kwenye stoli. Kompyuta za siku hizi hazimo humo, ila hewa anayoieleza ndo hiihii, mi naona kila anayependa ndege akisome.

Halafu kuna ile Boeing 767 ya Air Canada iliyoishiwa mafuta angani Julai 1983, injini zote zikazima kabisa, na haikustoli, marubani waliitelezesha mpaka Gimli, Kanada, ikatua na watu wote wakatoka hai. Kwa hiyo ndugu yangu, injini zikizima we sema tu injini zimezima.