Je, Wajua Jibu Sahihi Linavyogeuka Mchele?

Unafungua tovuti, unakuta neno moja na chini yake maneno manne. Ukibofya lenye maana sawa na lile la juu, bakuli la mbao lililochorwa pembeni linaongezeka punje kumi za mchele. Hujatoa senti, hujaombwa hata namba ya simu. Sasa nani kalipia mchele huo?

Mchezo wenyewe unaitwa Freerice. Ulianza Oktoba 2007, kazi ya mikono ya John Breen, mtaalamu wa kompyuta wa jimbo la Indiana, Marekani. Mwanawe alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, na msamiati wa Kiingereza ulikuwa unamsumbua. Baba akamtengenezea programu ya mazoezi, kisha akaifungulia dunia nzima. Siku ya kwanza zilichangwa punje 830, yaani kijiko kimoja kikubwa cha mchele mbichi, basi. Mwaka 2009 Breen aliukabidhi mchezo kwa Mpango wa Chakula Duniani, WFP, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Roma.

Fedha zilitoka kwenye matangazo. Chini ya kila swali palikuwa na bango la kampuni fulani, na kila ulipojibu likaja swali jingine pamoja na bango lake. Matangazo ya namna hii mtandaoni huuzwa kwa kuhesabu maelfu ya mara yanapoonekana, kwa hiyo mtu mmoja akilitazama bango mara moja thamani yake ni ndogo mno. Lakini punje kumi nazo bei yake ni ndogo mno, na hapo ndipo hesabu inapokubali. Isitoshe, mchezo unamkalisha mtu. Ukurasa wa habari unausoma na kuondoka, ila kwenye maswali unajiambia “hili la mwisho tu”, na nusu saa inapita huku mabango yakibadilika mbele yako. Kwa hiyo bidhaa iliyokuwa sokoni ni macho yako, wala si ujuzi wako wa maneno.

Tupige hesabu kidogo, maana bakuli lile la kwenye skrini linaweza kumdanganya mtu. Gramu moja ya mchele ina punje 50 hivi. Punje kumi basi ni moja ya tano ya gramu, na kilo moja inadai majibu sahihi 5,000. Tukichukua gramu 400 kuwa mchele wa mtu mzima kwa siku, unahitaji majibu 2,000. Hata ukijibu moja kila sekunde tano bila kukosea, utakaa karibu saa tatu kumlisha mtu mmoja siku moja. Peke yako hufiki mbali. Nguvu iko kwenye wingi: punje zilizokwisha kuchangwa tangu mwanzo zimepita bilioni 200, ambazo kwa kipimo hicho hicho ni tani 4,000 hivi.

Wala hakuna ghala mahali ambapo mtu anakuhesabia punje zako. Zile ni kipimo tu. Kinachokwenda WFP ni fedha, na shirika ndilo linalonunua chakula, mara nyingi karibu na wenye njaa ili kupunguza gharama za meli na siku za kungoja. Mchele wa kwanza ulinunuliwa Bangladesh kwenyewe, wakapewa wakimbizi 27,000 kutoka Myanmar, ukawatosha wiki mbili.

Kuna jambo moja linanivutia zaidi. Ukikosea, hupati punje hata moja, ingawa bango umeliona vilevile. Kwa upande wa biashara, jibu baya na jibu zuri ni sawasawa. Sharti la kupatia lipo kwa ajili ya mchezaji, nadhani, maana bila hilo watu wangebofya ovyo na somo lingekufa. Ndiyo maana pia mchezo unakupima: ukipatia mfululizo unapandishwa ngazi, ukikosa unashushwa, na neno lililokushinda linarudishwa tena baadaye, ukiwa umeshaanza kulisahau. Walimu wanajua kwamba kulitafuta jibu kichwani baada ya muda kidogo kunalikaza kuliko kulisoma mara kumi mfululizo.

Wajanja hawakukosekana. Wapo walioandika programu za kujibu zenyewe usiku kucha, maelfu kwa maelfu ya maswali, wakidhani wanawasaidia maskini. Programu haina macho ya kutazama tangazo wala mfuko wa kununulia sabuni inayotangazwa, na hakuna kampuni inayokubali kulipia watazamaji wasiokuwepo.