Mjusi Chui Mweusi Aliyeacha Kula: Maswali na Majibu kwa Wanaomfuga Nyumbani

Wagonjwa wengi ninaowahudumia hapa Nakuru ni ng'ombe, mbwa na kuku. Mijusi wa kufugwa ni wachache, lakini karibu kila anayeletwa huwa amechelewa, na sababu inayotolewa ni ileile: mwenyewe aliambiwa kwamba mjusi hukaa muda mrefu bila kula.

Mjusi chui mweusi ni mnyama gani?

Asili yake ni nchi kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India, na jina lake la kisayansi ni Eublepharis macularius. Hufikia urefu wa sentimita 20 hadi 25, ana kope zinazofumba, tofauti na mjusi kafiri wa kwenye kuta zetu, na akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 15. Wa porini ni wa manjano mwenye madoa. Huyu mweusi ametokana na wafugaji kuchagua wazazi wenye rangi nzito kizazi baada ya kizazi. Weusi wake si ugonjwa, na haumpunguzii hitaji lolote.

Hajala kwa wiki mbili. Je, hiyo si kawaida ya mijusi?

Hapana, si kawaida. Ni kweli kwamba mjusi mzima mwenye mkia mnene huhifadhi mafuta mkiani, na anaweza kukataa chakula siku kadhaa anapokaribia kujivua gamba, lakini mjusi ambaye mkia wake unazidi kukonda tayari anakula akiba yake ya mwisho. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Aliyekuwa na gramu 60 akashuka hadi 54 apelekwe kwa daktari wa mifugo wiki hiyohiyo. Mtoto wa mjusi, ambaye hupaswa kula kila siku, asingojewe kupita siku tatu.

Ni ugonjwa gani unaouona zaidi?

Ni ulaini wa mifupa unaoletwa na upungufu wa kalisiamu. Wadudu tunaowalisha mijusi wana fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo, na bila vitamini D3 hata hicho kidogo hakifyonzwi vizuri. Mwili hukopa kalisiamu kutoka kwenye mifupa ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi, na deni hilo huonekana kwanza kwenye taya, ambalo ukiligusa kwa ncha ya kidole hupinda kama mpira. Kisha miguu hupinda, tumbo huburuzwa, na vidole huanza kutetemeka mnyama anapoinuliwa. Mjusi mwenye taya laini hawezi kumtafuna mdudu, kwa hiyo huacha kula, na mwenyewe husema kuwa amekuwa mvivu.

Vidole vinatetemeka kidogo tu. Naweza kusubiri mwisho wa mwezi?

Hapana. Usisubiri mwisho wa mwezi, usisubiri Jumatatu, na usimpe kwanza maziwa, uji au dawa ya binadamu uone kama atachangamka. Kutetemeka ni ishara kwamba kalisiamu imepungua hata kwenye damu, na hatua inayofuata ni degedege na kifo. Taya lililopinda linaweza kukomaa na kuwa gumu baada ya matibabu, lakini kwa kawaida halinyooki tena. Kila siku ya kusubiri huongeza ulemavu ambao hakuna daktari atakayeuondoa. Nasisitiza: akitetemeka, aletwe siku hiyohiyo.

Je, DCP ya ng'ombe (unga wa madini ya kalisiamu na fosforasi) au magadi kutoka agroveti haitoshi?

Haitoshi, na naomba tabia hiyo ikome. DCP ina fosforasi, ambayo tayari mjusi anaipata kupita kiasi, na magadi si kalisiamu kabisa. Tumia unga wa kalisiamu kaboneti usio na fosforasi, uwapake wadudu kabla ya kuwalisha, na baadhi ya siku utumie ule wenye vitamini D3 kwa kufuata kipimo, kwa maana D3 ikizidi nayo hudhuru. Nyenje wa kufugwa, kama wale wanaofugwa Bondo na Siaya kwa chakula cha watu, ni bora kuliko wadudu waliookotwa shambani ambao huenda wamepuliziwa dawa. Walishe nyenje hao mboga za majani kwanza.

Kwa kuwa ni mweusi, si atalinyonya joto mwenyewe?

Atalinyonya kutoka wapi, ikiwa usiku wa Julai chumba cha Nakuru ni baridi? Bila joto tumbo lake halisagi chakula, hata akila. Upande mmoja wa kizimba uwe na sakafu ya nyuzi 31 hadi 33 za Selisiasi, inayodhibitiwa na themostati (kifaa kinachozuia joto lisizidi kiwango ulichoweka), na upande wa pili uwe wa nyuzi 25 hivi. Kisumu kazi hii ni nyepesi zaidi. Usimwanike juani ndani ya kizimba cha kioo, kwani ataungua upesi, na miale inayosaidia kutengeneza D3 haipiti kwenye kioo. Ngozi nyeusi huficha majeraha ya moto, kwa hiyo mkague tumboni, ambako rangi mara nyingi ni nyepesi.

Watoto wamshike?

Wenye umri chini ya miaka mitano wasimshike. Mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Wengine wanawe kwa sabuni, na vyombo vyake visioshwe jikoni.

Nimlete vipi?

Mweke ndani ya kikasha chenye matundu na kitambaa laini, pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo. Beba kinyesi chake cha karibuni kwenye karatasi, orodha ya uzito wake, na mkebe wenyewe wa unga unaompa.