Mechi ya 1869 haikuchezwa kwa mpira wa umbo la yai

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti mechi ya kwanza ya futiboli ya vyuo vya Marekani, Novemba 6, 1869, ilichezwa kama ya leo, kwa mpira wa umbo la yai, helmeti na pasi za mkono. Tarehe ni sahihi, mengine sivyo. Huko New Brunswick, New Jersey, timu za vyuo vya Rutgers na Princeton zilicheza wachezaji 25 kwa 25 kwa mpira wa duara, na kuubeba au kuurusha kulikatazwa. Wengine walijifunga vitambaa vyekundu kichwani kama vilemba! Matokeo: Rutgers 6, Princeton 4.

Kinachochanganya ni jina: mchezo ule wa zamani na huu wa leo wa Kimarekani (si soka) yote huitwa futiboli. Sheria zilibadilika polepole, na kurusha pasi mbele kuliruhusiwa 1906. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo kabla ya kusoma gazeti la wanafunzi wa Rutgers la Novemba 1869, lililoisimulia mechi hiyo.