Fundi wa Kutwa au Kampuni Yako: Hesabu Siku Zinazolipwa

Mafundi wengi wa Mbeya na Iringa wanaoulizia usajili wa kampuni huja na hesabu moja: bosi ananipa 40,000 kwa siku, mteja anamtoza 90,000, basi 50,000 ananila. Tuipige upya, kwa viwango vya mfano. Wewe weka vyako.

Fundi umeme wa kutwa akipata siku 22 kwa mwezi ana 880,000. Akitoa 5,000 za nauli na chakula kila siku, zinabaki 770,000.

Akifungua kampuni na kujilipa mshahara wa hizohizo 770,000, mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni 77,000, na wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 3,850. Pango, mhasibu, leseni, mafuta ya pikipiki na vifaa kuchakaa tuviwekee 500,000. Jumla, pamoja na mshahara, 1,350,850. Wengi hugawa kwa 22, na hapo ndipo wanapopotea. Siku ya kwenda kupima saiti, kuandika makadirio au kufuatilia hundi hailipwi na mtu. Mwenye kampuni ndogo akiuza siku 14 kwa mwezi amejitahidi. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zikishika, hupungua. Gawanya kwa 14: karibu 96,500 kwa siku, na faida bado. Yule bosi wa 90,000 huenda naye anaungaunga.

Kuna na suala la mzunguko wa fedha. Fundi wa kutwa hulipwa Jumamosi jioni. Kampuni yenye vibarua watatu wa 20,000, siku sita kwa wiki, hutoa 360,000 kila Jumamosi. Kiwanda cha mbao Mafinga kikilipa baada ya wiki nane, umeshatanguliza 2,880,000 za mfukoni. Bila akiba hiyo, usisaini. Mteja kama huyo pia hukata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Dai cheti chake, kwa sababu kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi ya kampuni, ambayo ni asilimia 30 ya faida.

Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, pekee hakikufanyi mkandarasi: kazi za ujenzi zinahitaji usajili wa CRB, bodi ya makandarasi, na fundi umeme anahitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Na kampuni iliyokosa kazi mwaka mzima bado inatakiwa kupeleka ritani, yaani taarifa zake za mwaka, BRELA na TRA. Ukizipuuza, faini hujikusanya kimyakimya.