Kaboni: kwa nini grafiti hunistaajabisha kuliko almasi

Nikiwa mkemia, nimeona watu wengi wakiisifu almasi na kuipita grafiti kana kwamba ni kitu duni, ilhali zote mbili ni kaboni tupu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1797, mkemia Mwingereza Smithson Tennant alipochoma almasi na kukuta kwamba inatoa kaboni dioksidi kiasi kilekile kinachotolewa na mkaa wa uzito uleule.

Atomu ya kaboni ina elektroni 6, na 4 kati ya hizo zimo katika ganda la nje, kwa hiyo inaweza kuunda miungano minne kwa kushirikiana elektroni na atomu nyingine. Silikoni nayo ina elektroni 4 za nje, lakini muungano wa silikoni kwa silikoni ni dhaifu zaidi, na minyororo yake mirefu huharibiwa upesi na oksijeni na maji. Minyororo ya kaboni hustahimili, na ndiyo sababu elementi hii ina mamilioni ya michanganyiko, kuanzia methani hadi molekuli za viumbe hai.

Katika almasi kila atomu imeshikamana na nyingine nne pande zote, na ugumu unaotokana na mpangilio huo huifanya ifae kukatia na kutobolea miamba. Hupitisha joto takriban mara tano kuliko shaba, ingawa haipitishi umeme.

Katika grafiti kila atomu hushikana na tatu tu, zikaunda tabaka bapa la pembesita, na elektroni ya nne ikabaki huru kutembea ndani ya tabaka hilo. Hapo ndipo umeme unapopita. Ndani ya tabaka atomu ziko umbali wa nanomita 0.142 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), lakini kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.335, na nguvu inayoyashikilia ni hafifu, kwa hiyo matabaka huteleza na kubaki kwenye karatasi tunapoandika kwa penseli. Utelezi huo, hata hivyo, hutegemea pia mvuke wa maji ulionata juu ya grafiti: katika ombwe hupotea, na grafiti huanza kulika haraka, jambo ambalo mhandisi wa vyombo vya angani hana budi kulizingatia.

Grafiti haiyeyuki katika kanieneo ya kawaida ya hewa, bali hugeuka mvuke moja kwa moja kwenye joto la nyuzi 3,600 hivi za Selsiasi. Kwa sababu hiyo hutengenezewa elektrodi, yaani fito za kupitishia umeme, za matanuri ya kuyeyushia feleji. Hupunguza pia kasi ya nyutroni, chembe zinazoendeleza mpasuko wa atomu katika mtambo wa nyuklia, bila kuzimeza nyingi, na mtambo wa kwanza wa nyuklia, uliowashwa Chicago mwezi Desemba 1942, ulijengwa kwa matofali ya grafiti.

Matumizi ninayoyathamini zaidi yamo katika betri za lithiamu. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu (atomu zenye chaji ya umeme) hupenya katikati ya matabaka ya grafiti hadi kufikia takriban ioni moja kwa kila atomu 6 za kaboni, kisha hutoka betri inapotumika, bila muundo wa matabaka kuvunjika. Chaji ikiingizwa kwa kasi mno, hasa kwenye baridi kali, ioni hukosa muda wa kupenya na lithiamu huganda juu ya grafiti ikiwa metali, na hapo betri hupoteza uwezo wake na huweza hata kupata hitilafu ya umeme ndani yake.